Jina la Kanga na Mkasi wa Fundi

Kwa watu wa pwani, karatasi na nguo hazikuwahi kuwa mbalimbali. Barua huandikwa kwenye karatasi, ikatiwa bahashani, ikafungwa. Kanga nayo ni barua, ila yake haifungwi. Hupita njiani ikisomwa na kila mwenye macho, ilhali aliyekusudiwa ni mmoja tu, naye hujijua. Maandishi yake huitwa jina, na mnunuzi wa kike asimamapo mbele ya meza ya muuzaji, hata rangi ziwe nzuri namna gani, halikosi swali lile: hii yasemaje?

Katika maduka ya Mji Mkongwe, Unguja, kanga imepata kazi nyingine tena. Imevikwa madaftari, ikashonwa vifuko vya kalamu, ikakatwa vialamisho vya vitabu, ikawa foronya za mito na matandiko ya kutupia kochini. Ni vitu vidogo vya kufurahisha macho, na wapo wanaovipenda kwa dhati. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu ambaye hawezi kuyapita maduka hayo bila ya kuingia. Nyumbani kwake kuna daftari la hesabu za nyumba lililovikwa kanga ya vidoto vyeupe, mfuko wa kalamu uliokatwa kwenye pindo lenye korosho, na tandiko la kochi lililoungwa kwa vipande vya rangi ya zambarau na manjano. Vitu hivyo havitumii kwa maonyesho. Daftari limejaa bei za samaki na unga, na tandiko hujifunika usiku wa kipupwe akisoma.

Siku moja alinunua daftari jingine kwa kuupenda wekundu wake. Alipolifikisha nyumbani ndipo alipoyaona maneno mawili upande wa mbele: SIPATI TAMAA. Mkasi ulikuwa umepita kulia na kushoto. Kila aliyezoea kanga anajua sentensi hiyo ilivyokuwa: Japo sipati, tamaa sikati. Mwenye kusema maneno hayo ni mvumilivu anayesubiri bila ya kuvunjika moyo. Baada ya mkasi, yule asiyekata tamaa amegeuzwa kuwa asiyeipata hata hiyo tamaa. Mwalimu alicheka. Kisha akaenda kuyatazama madaftari yake yote, moja baada ya moja, akaona kwamba hakuna hata moja lililobakiwa na jina zima.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Kanga ina kiasi cha mita moja na nusu kwa urefu na mita moja na kitu kwa upana. Pindo huizunguka pande zote, katikati upo mji, na jina hukaa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Ua la mji hurudiwa mara nyingi, na likikatwa hapa lipo pale. Jina halirudiwi. Limeandikwa mara moja tu katika kila kanga, na aghalabu limewekwa ndani ya mstatili mweupe usio na pambo. Kwa fundi anayetafuta ua, mstatili ule ni doa, na kipande chake ndicho cha kwanza kutupwa.

Ajabu ni kwamba kanga haikuzaliwa na maneno. Inasimuliwa kuwa wanawake wa pwani katika karne ya 19 walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuwa havijakatwa, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakajitanda. Vitambaa hivyo viliitwa leso, neno lililotoka kwa Wareno, na Mombasa mpaka leo kanga ni leso. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa. Viwanda vya mbali, kama kile cha Helmond, Uholanzi, vikapiga chapa nguo za kuvaliwa na watu ambao wachapaji hawakuwaona. Maneno yalikuja baadaye. Anayetajwa sana kwa jambo hilo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Hapo mwanzo majina yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha zikashika hati za Kirumi.

Wapenzi wa ushairi wana haki yao katika mstatili ule mweupe. Hasidi hana sababu: ihesabu, utapata mizani minane, kipande kinachoweza kusimama katika utenzi bila ya kurekebishwa. Usisafirie nyota ya mwenzio: sita na sita, na bahari nzima imo ndani yake, maana nahodha afuataye nyota ya mwingine atafika alikokwenda mwingine. Japo sipati, tamaa sikati: vipande viwili, na vyote viwili vinaishia kwa kina kimoja. Ni nani aliyetunga? Haijulikani, wala haikuulizwa. Lakini ni tungo, na mshairi yeyote anajua kwamba ubeti uliokatwa katikati haubaki kuwa nusu ya ubeti. Huwa kitu kingine, au huwa si kitu.

Mwalimu alilifahamu hilo kwa undani zaidi mama yake alipofariki. Kasha la marehemu lilikuwa na kanga saba. Sita zilikuwa zimechakaa, laini kwa kufuliwa, na wajukuu walitaka zishonwe mfarishi ili ziendelee kumfunika mtu. Fundi aliyeletewa kazi alikuwa kijana mwenye mkono mwepesi. Alizitandaza, akazitazama, akasema kwa adabu:

"Mwalimu, haya maneno tuyatoe. Nikiunga vipande, mengine yatakaa kichwa chini."

"Yaelekeze yote upande mmoja, mwanangu. Mwenye kujifunika apate kuyasoma."

"Kitambaa kitapotea kingi."

"Na kipotee."

Fundi akakata maua ili kuyafuata maneno. Majina sita yakapangwa katikati ya mfarishi, moja chini ya jingine, na mapindo yakazunguka. Wajukuu walipoutandika waliyasoma kwa sauti kutoka juu kwenda chini, na wakaanza kubishana: hili bibi alimwambia nani? Hili alipewa na babu? Nusu ya maswali yao hayakuwa na wa kuyajibu, ila yaliulizwa.

Kanga ya saba fundi hakuigusa. Ilikuwa doti nzima, haijatenganishwa, haijapindwa, haijaonja maji. Jina lake lilikuwa Hasidi hana sababu. Kanga hununuliwa ikatwe mara mbili na kupindwa ndipo ivaliwe, na ya marehemu ilikuwa imekaa vile vile ilivyotoka dukani. Aliyeileta hajulikani. Huenda ilikuwa zawadi ya jirani asiyekuwa na nia mbaya, aliyependa rangi tu. Huenda ilikuwa barua iliyosomwa mara moja, ikakunjwa na isijibiwe kwa miaka arubaini. Mwalimu aliirudisha kashani. Hakuiona kuwa yake hata aamue kuikata.

Hapa pana haki ya kusemwa kwa upande wa mkasi. Kanga haikuwekwa kuabudiwa. Tangu zamani ikichakaa huwa mbeleko, ikichakaa zaidi huwa winda la mtoto, na mwisho wake ni tambara la kushikia chungu. Mama wa pwani hakuogopa kuichana. Wala haifai kuwalaumu mafundi na kina mama wanaopata riziki kwa madaftari na mito, maana kazi yao ni nzuri na mikono yao ni hodari. Tofauti ni kwamba yule aliyeichana kanga yake kuukuu alikuwa amekwisha kuisoma. Jina lilikwisha kufanya kazi yake, likafika lilikotumwa. Kanga mpya inayotoka kwenye robota moja kwa moja mpaka chini ya mkasi haijamwambia mtu neno.

Dawa haihitaji fedha. Jina lililo refu kupita jalada linaweza kukatwa zima, likakunjwa utepe wa kufungia daftari. Tandiko la kochi linaweza kupewa jina lake ukingoni, mahali mgeni anapoketi. Na pale ambapo hakuna budi jina liondoke, fundi anaweza kuliandika kwa kalamu katika ukurasa wa kwanza: nguo hii ilisema hivi. Mnunuzi atokaye mbali atauliza maana, na mwenye duka atalazimika kueleza. Labda bei nayo itapanda kidogo, kwa kuwa amenunua nguo pamoja na kauli yake.

Mwalimu bado huingia madukani. Hulishika daftari, akaligeuza nyuma na mbele, na kabla ya kuuliza bei huuliza swali lile lile la wanunuzi wa kanga: hii yasemaje? Wauzaji vijana wamekwisha kumzoea. Mmoja wao, ambaye zamani alikuwa hana jibu, siku hizi humwekea kando yale yenye maneno kamili.