Nyuma kukiwa joto, tafuta tundu kabla ya kujaza gesi

Ukitoka Mwanza mjini kwenda Sengerema au Geita, unapita Mkolani, Buhongwa na Usagara, kisha unakunja kulia kuelekea Kigongo. Zamani hapo ndipo safari iliposimama. Familia zilisubiri kivuko juani, nyingine zikiwa ndani ya gari. Tangu Juni 19, 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa 3, Ghuba ya Mwanza inavukwa kwa dakika chache tu. Watoto hupenda kipande hiki cha njia, maana wanaona maji kulia na kushoto.

Lakini angalia siti ya mwisho. Kwenye gari la familia lenye safu tatu, kama Noah, baba na mama mbele wanaweza kuwa wanahisi ubaridi wakati mtoto nyuma nguo zimelowa jasho. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na mtoto mdogo hawezi kujieleza. Analia, anatapika au anasinzia, na sisi tunadhani ni uchovu wa safari.

Nyuma na mbele ni mfumo mmoja

Magari mengi ya aina hii yana AC mbili zinazotumia kompresa moja. Gesi inatoka mbele, inapita kwenye mabomba chini ya gari, inaingia kwenye evaporeta ya nyuma iliyofichwa ubavuni au darini, kisha inarudi. Maana yake ni kwamba tundu dogo la nyuma humaliza gesi ya gari zima.

Mwanza ina mazingira yake. Wengi tunaishi milimani, Mabatini, Igogo na kwingineko, ambako njia za mitaani ni mawe na makorongo. Mabomba yale ni ya alumini laini. Jiwe likiyagonga au tope likiganda kwenye vibanio vyake miaka kadhaa, huchubuka, huliwa taratibu na mwisho hutoboka.

Kwenye gereji moja jijini nilimuuliza fundi wa AC kwa nini wateja wanarudi kila baada ya miezi michache kujaza gesi. Akacheka. "Dada, gesi ya AC hailiwi na gari. Ikipungua, imetoka mahali."

Dalili za kuangalia nyumbani

Kama mbele kunapoa vizuri lakini nyuma panatoka hewa ya joto, huenda gesi ipo na tatizo ni swichi, feni au vali ya nyuma. Kama mbele na nyuma kote kumepungua nguvu, na kompresa inawaka na kuzima mara kwa mara, shuku uvujaji.

Ukikuta maji kwenye kapeti la nyuma, usichanganye mambo. Maji safi yasiyo na harufu mara nyingi yanatokana na mpira wa kutolea maji ya AC ulioziba. Uzibuliwe na kapeti likaushwe, kwa sababu unyevu huzalisha ukungu, nao ni adui wa mtoto mwenye pumu. Maji yenye rangi, yanayoteleza na kunukia utamu ni jambo jingine. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya Japani yenye theluji, na baadhi yana hita ya nyuma inayopitisha maji ya rejeta. Kama rejeta imewekwa kulanti, maji hayo ni sumu. Usimwache mtoto ayaguse na kulamba vidole.

Jinsi fundi anavyolitafuta tundu

Fundi makini haanzi na mtungi. Anaanza na geji kupima msukumo wa gesi, kisha analala chini ya gari na tochi. Gesi inapotoka hubeba mafuta kidogo ya kompresa, kwa hiyo penye tundu huwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Hukagua zaidi maungio ya mabomba karibu na tairi za nyuma.

Asipoona kitu, anajaza nitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye maungio; penye tundu patatoa mapovu. Njia nyingine ni kuweka rangi maalumu ndani ya mfumo, gari litumike siku kadhaa, kisha kumulika kwa taa ya urujuanimno. Kama mabomba yote ni mazima, ndipo hufunguliwa plastiki za ndani kuifikia evaporeta.

Matengenezo hutegemea kilichoonekana. Mpira mdogo wa kwenye maungio hubadilishwa. Bomba huchomelewa na fundi wa alumini au kubadilishwa. Evaporeta iliyooza ni bora kuweka nyingine. Baadaye mfumo huvutwa hewa na unyevu kwa pampu, walau nusu saa, na geji ikae palepale bila kupanda. Hapo ndipo gesi inaingizwa kwa kupimwa uzito, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Ukishauriwa kuweka gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi, kataa. Evaporeta ya nyuma iko ndani, karibu na watoto; ikivuja, gesi inayoshika moto inajaa palipo na abiria. Hata gesi ya kawaida ya AC, R134a, isiguswe nyumbani. Ikiwa kimiminika hugandisha ngozi, na ikikutana na moto hutoa mvuke wenye sumu. Tena ikiachiwa hewani hupasha dunia joto kwa zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya ukaa ya uzito huohuo. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za kundi hili hatua kwa hatua.

Wakati gari bado halijapona

Safirini asubuhi, kabla mawe ya Mwanza hayajashika joto. Msogeze mtoto mdogo siti ya kati, fungueni vioo, beba maji na mnyonyeshe mchanga mara nyingi zaidi. Na usimwache mtoto ndani ya gari lililozimwa, hata unapokimbilia sangara mara moja. Juani, joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 za Selisiasi kwa dakika 10, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii sana.

Siku ya kulichukua gari gereji, usiulize tu gesi imeingia kiasi gani. Muulize fundi tundu lilikuwa wapi, na mwombe akuonyeshe alichobadilisha. Kama hana la kukuonyesha, huenda tundu bado lipo.