Taratibu, Mama

Mara ya tatu kuangushwa na farasi Shwari nilivunjika mtulinga. Ilikuwa Novemba, ndani ya ukumbi wa mashindano huku Uingereza, na kilichomshtua ni mwavuli uliofunguliwa jukwaani. Tulikuwa tukienda matiti vizuri kabisa. Kufumba na kufumbua akawa amegeukia tulikotoka, nami nimelala mchangani natazama taa za darini. Maumivu hayakuja mara moja. Nilichosikia kwanza ni kwato zake zikizunguka ukumbi mzima, na mtu akisema yule jike auzwe tu.

Miezi kumi na saba baadaye niliingia naye Hartpury, kule Gloucestershire, kwenye mashindano ya kitaifa ya majira ya baridi ya dresaji, mchezo wa kumwendesha farasi kwa hatua zilizopangwa mbele ya jaji. Katikati ya siku hizo mbili ndipo penye ushuhuda wangu.

Mimi ni mtoto wa saisi. Baba alitunza farasi wa mbio pale Ngong, Nairobi, tangu kijana mpaka magoti yalipomkatalia, na nilijifunza kupiga brashi farasi kabla ya kujifunza kusoma. Nilipompigia simu kutoka hospitali, mkono umefungwa kifuani, alinipa pole, kisha akaniuliza, “Ulikuwa unatazama wapi, mwanangu?”

“Mbele, Baba.”

“Na masikio yake?”

Sikuwa na jibu.

“Masikio yake yalikwambia. Miguu ilifuata tu.”

Nilipoweza kutembea bila kuumia nilikwenda kusimama katika ukumbi ule mtupu, nikajaribu kuuona kama anavyouona yeye. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa kipande chembamba mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Akitoka kwenye mwanga kuingia kwenye giza, macho yake huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea. Kwa hiyo anapopita mlangoni haoni vizuri, na wakati huohuo tunamtaka aende kasi. Miale ya jua iliyopenya pembeni mwa paa ililala mchangani kama mashimo. Nilipiga kofi moja. Sauti iligonga mabati ikarudi kutoka pande nne, hata mimi sikujua imetokea wapi. Huyu ni mnyama ambaye kinga yake yote ni kukimbia, na tumemfungia kuta nne. Nami nilikuwa nikimwita mkaidi.

Nilimwita daktari wa farasi. Alimpitishia kamera ndogo puani hadi tumboni, nami nikasimama mbele ya skrini kutazama. Kulikuwa na vidonda vyekundu, vingine vya manjano, kwenye ukingo wa tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe amekula au hajala, na sisi tulikuwa tukimwacha na njaa kwa saa nyingi kila tunaposafiri kwenda kushindana. Mwezi ule wa kabla ya kuanguka nilikuwa nimemchapa fimbo mara mbili kwa kugoma. Niliingia bandani, nikaweka paji la uso kwenye shingo yake, nikalia, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili. Alipewa omeprazoli kwa wiki nne, na tangu siku hiyo hakukosa nyasi kavu mbele yake, hata ndani ya lori.

Tumbo lilipona. Woga ulibaki, na si wake peke yake. Nilipopanda tena mikono yangu ilitetemeka hata nikalazimika kukunja hatamu vidoleni ili isionekane. Sikumwambia mtu. Katika kazi hii mtunzaji anayeogopa hunyang'anywa farasi, na mwenye farasi alikuwa amenipa mwaka mmoja tu wa kujaribu kabla ya kumuuza. Mama alikuwa akiniombea kila alfajiri. Nilijua saa aliyopiga magoti na niliamka saa hiyohiyo. Lakini Shwari hakuwa na haja ya kuambiwa. Mapaja yangu yakikaza, yeye anaelewa kuna chui.

Kilichomtuliza kuliko vyote kilikuwa neno la Baba. Pale Ngong, farasi akianza kuruka, alimwambia, “Taratibu, mama, taratibu,” hata kama ni dume. Nami nilimwambia Shwari hivyo, na alinisikia. Shida ni kwamba kwenye dresaji wakati ule mdomo ulifungwa. Jaji akikusikia unasema na farasi, au unabofya ulimi, alikukata alama mbili, kila mara. Dawa pekee iliyofanya kazi nilikuwa nimekatazwa kuitumia.

Nikaamua nitamfundisha kusikia kilicho kabla ya neno. Kila asubuhi, kabla ya tandiko, nilisimama begani kwake, kiganja kwenye mbavu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, mahali unapohisi moyo. Nilitoa pumzi polepole nikihesabu hadi tano. Halafu ndipo niliposema, “Taratibu, mama.” Halafu nikamkuna pale nundu ya mabega inapoanzia, anapopapenda mpaka mdomo wa juu unarefuka. Pumzi, neno, kukuna. Baadaye juu ya tandiko, tukiwa tumesimama. Baadaye tukitembea. Miezi mingi, asubuhi hadi asubuhi, kwenye baridi ambayo pumzi unaiona kwa macho.

Ambacho sikukitarajia ni kwamba huwezi kutoa pumzi ndefu namna hiyo ukiwa umekaza mapaja. Nilidhani namfundisha yeye, kumbe mikono yangu mwenyewe iliacha kutetemeka, na sijui hata ilikuwa lini. Siku moja ndege mkubwa alikurupuka kutoka kichakani chini ya pua yake. Nilitoa pumzi. Kabla sijasema neno nilihisi mgongo wake ukishuka chini yangu, kama mkeka unaotandikwa.

Mengine yalikuwa kazi tu. Nilinunua maua ya plastiki nikayapanga kwenye kona, kwa sababu vibanda vya majaji hupambwa hivyo. Nilijifunza kutomkabilisha na kitu kinachomtisha. Nilimkunja kidogo shingo na bega kuelekea ndani ya uwanja, tukapita ubavuni mwa kitu hicho, yeye akinisikiliza mimi. Jumapili nilisafisha zizi la jirani ili nipate fedha za kukodi kumbi za watu, saa moja hapa, saa moja kule, ili asiujue ukumbi mmoja tu. Na kila jioni, ndoo ya chakula ilipowekwa, nilimwashia sauti ya umati unaopiga makofi kwenye spika ndogo. Mwanzoni ilikuwa chini sana, kama mvua ya mbali. Baada ya miezi mitatu ilikuwa kali hata wenzangu wakalalamika.

Kuna aliyenishauri nimpige sindano ya kumlegeza. Dawa hizo zimekatazwa mashindanoni na farasi hupimwa, lakini hata zisingekatazwa nisingefanya hivyo. Farasi aliyelewa dawa hajifunzi kitu. Akizinduka anakuta ulimwengu uleule unamngoja.

Februari tulifuzu. Aprili tukafika Hartpury siku moja kabla, na jioni nilimtembeza kwa kamba kila mahali tuliporuhusiwa. Usiku nililala kwenye lori nikitazama tena simuni onyesho la farasi Valegro pale Olympia, London, Desemba 2014, alipopata asilimia 94.3. Sikutazama miguu yake. Nilitazama alivyosimama na umati ule wote umemzunguka.

Kesho yake tukaingia. Uwanja wa mita 20 kwa 60, mbao nyeupe, maua kwenye kila herufi, watu kwenye viti. Tulizunguka nje ya mbao, na masikio yake yalikuwa yamesimama wima, magumu, yakielekea kona ya kushoto ya jaji. Safari hii niliyaona. Kengele ikalia, tulikuwa na sekunde 45 za kuingia. Nikatoa pumzi. Sikio moja likarudi kwangu.

Tukaingia kwa A, tukasimama katikati kwa X, nikasalimu. Mkono wangu ulikuwa umetulia.

Kwenye ile kona alishtuka. Alikoroma, akatupa bega ndani, akavunja shoti akaangukia matiti. Tulipewa 4 kati ya 10 kwa hatua hiyo, na haki ilikuwa 4. Zamani hapo ndipo angegeuka. Nilitoa pumzi hadi nikabaki mtupu, mkono wa ndani ukalegea mpaka hatamu ikaning'inia, nikamngoja. Akatikisa singa, akaokota tena shoti, akaendelea. Nililia machozi kuanzia herufi M mpaka mwisho wa ule upande mrefu, mdomo nimeufunga kama sheria ilivyotaka. Kusimama kwa mwisho kulipewa 8. Jumla ilikuwa asilimia 65.8, mbali na utepe.

Nilipomsalimu jaji, watu wakapiga makofi. Sauti ikapanda hadi darini ikarudi kutoka pande nne, ile niliyoiogopa tangu Novemba ile. Nikashika singa za shingoni. Shwari akainua kichwa, akasikiliza, akalamba midomo. Kisha akaanza kutembea kwa haraka kuelekea mlangoni, masikio mbele, akitafuta ndoo yake ilipo.

Niliteremka nje tu ya mlango. Nikamwambia kwa sauti, mbele za watu, maneno yote niliyokuwa nimeyazuia, nikaenda kumletea ndoo yake.