Lushoto kwa Wawili: Kupanda ni Raha, Kushuka ni Breki

Kama wewe na mwenzi wako mmechoshwa na joto na foleni za Dar, dawa yenu ni Lushoto. Mnatoka alfajiri, mnapita Chalinze, Segera na Korogwe, halafu pale Mombo mnaiacha barabara kuu na kuanza kuupanda mlima wa Usambara. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto kama mita 1,400, na kati yake ni kilomita 33 tu za kona. Kiyoyozi mnazima wenyewe. Soni mnasimama kutazama maporomoko, na mkifika juu mnatafuta sweta.

Mji wenyewe, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ni wa kutembea taratibu mmeshikana mikono. Mchana nendeni Irente, mkae juu ya jabali muone nyika ilivyotandazwa chini yenu. Hapo jirani kuna shamba lenye jibini, jemu na mkate wa kufungasha.

Sisi tulikwenda na jambo letu. Miezi mitatu nyumbani ugomvi ulikuwa mmoja: mimi nilitaka akiba yetu iende kwenye kiwanja, mume wangu alitaka gari. Gari likashinda, saluni la Kijapani la mwaka 2003, lililokwishapita mikononi mwa watu wawili kabla yetu. Kabla ya safari lilipelekwa gereji. Fundi akabadilisha pedi na kutuaga kwa kujiamini: "Breki mpya kabisa hizo, bosi." Wikiendi hiyo ilikuwa ya kupatana, na kweli tulipatana, mpaka Jumapili mchana tulipoanza kushuka.

Mbele yetu kulikuwa na lori lililosheheni kabichi. Mume wangu alikuwa gia namba mbili, lakini kila lori lilipopunguza mwendo naye ilibidi akanyage. Tulipokwisha kupita Soni nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona iliyofuata, mguu wake ukazama mpaka chini kama anayekanyaga sponji.

"Breki hazipo," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuambia chumvi imekwisha.

Nikawasha taa za hazadi, nikaweka mkono kwenye hendibreki. "Bado," akasema. Akaingiza namba moja, injini ikanguruma, huku akipampu pedeli harakaharaka na kupiga honi. Nyuma ya lori ilikuwa inatukaribia, nikawa nahesabu kabichi. "Sasa, mke wangu. Kidogo kidogo." Nikaivuta taratibu, kitufe nimekibonyeza ili isijifunge ghafla. Mwendo ukapungua. Akalilaza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likakwaruza, likasimama.

Lori nalo likasimama. Utingo akaruka na mawe ya kuzuia matairi, dereva akaja nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmeumia?"

"Hapana, mzee."

"Basi msimwagie maji hapo, mtapasua diski. Kaeni zipoe zenyewe."

Fundi aliyeletwa na bodaboda kutoka Soni alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akatuonyesha. Yalikuwa meusi kama kahawa. Hapo ndipo tulipoelewa. Pedi zilikuwa mpya, lakini mafuta yalikuwa ya zamani, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu joto la pedi huyafikia, yanachemka na kutoa mapovu. Mafuta hayabonyei, mapovu yanabonyea, ndiyo maana pedeli inazama na gari linaendelea kwenda. Mjini unaweza kuendesha miaka usijue.

Ikikutokea, msomaji wangu, usizime injini, maana usukani utakuwa mzito. Usiweke nyutro. Shusha gia moja baada ya nyingine. Kwenye otomatiki peleka 2, kisha L. Pampu pedeli, inaweza kurudi kidogo. Hendibreki ya mkono huvutwa kwa waya, haitegemei mafuta hayo, lakini ivute polepole gari lisizunguke. Ukingo wa udongo ni rafiki kuliko kona inayofuata. Na wewe uliyekaa kushoto, usipige kelele. Dereva anahitaji mkono wako, kelele anazo za injini.

Wakati fundi anamwaga mafuta ya zamani na kutoa upepo, tulikaa juu ya jiwe na mkate wetu wa Irente. Mume wangu hakuniangalia. Nilijua anachosubiri: "Si nilikuambia?" Nilikuwa nayo kabisa, mdomoni. Nikakata kipande cha jibini, nikampa.

"Kiwanja sasa hivi tungekuwa tunapanda miti," akasema mwenyewe.

"Kula kwanza," nikamjibu.

Gari bado tunalo, na kiwanja tunakitafuta. Ndoa nazo, nadhani, zina mapovu yake, ila hayo hayatolewi na fundi wa Soni.

Nendeni Lushoto, msiogope. Lakini kabla ya kufunga mabegi, mwulizeni fundi wenu swali moja: mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Kama ni zaidi ya miaka miwili, au hakuna anayejua, yabadilisheni. Na fundi akijibu, "Yapo ya kutosha," bado hajawajibu.