Safu Niliyoisahau

Daftari langu la kwanza la kazi bado ninalo. Lina jalada gumu la kijani, kona zake zimeliwa na mchwa, na kurasa zimeshika rangi ya vumbi la Shinyanga la mwaka 1987. Kila ukurasa niliupiga mistari mwenyewe kwa rula, safu tano: namba ya mche, aina, tarehe ya kupandwa, urefu, hali. Kwenye safu ya hali nilikuwa naandika herufi moja tu. H ni mche ulio hai, K ni uliokauka. Kurasa za mwanzo zimejaa K.

Nilikuwa kijana wa miaka 23, nimetoka Chuo cha Misitu Olmotonyi na cheti mkononi. Kwetu ni Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, mahali ambapo ukifyeka njia leo, mvua mbili zikinyesha kichaka kimeshaifunga. Nilipopangiwa kazi Shinyanga, mama aliniuliza kama huko kuna msitu. Nikamjibu kwamba ndiko ninakokwenda kuupanda. Nilisema hivyo kwa imani kamili.

Treni ya reli ya kati ilinishusha stesheni alfajiri. Kulipopambazuka niliona matale makubwa yamebebana, ardhi imelambwa na upepo hadi ikang'aa, na ng'ombe wamesimama katikati ya uwanda bila kivuli hata cha mbwa kulalia. Wenyeji walionipokea walipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Mavi yale yalipaswa kurudi shambani yakawe mbolea, lakini kuni zilikuwa mbali mno, hivyo rutuba ya shamba ikawa inaishia jikoni. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Shinyanga wajenzi walikuwepo tele, miti ndiyo iliyokuwa haipo.

Hali ile haikuja kwa siku moja, na naona ni haki niseme kwamba sayansi nayo ilikuwa na mkono wake. Katika miaka ya 1930, Shinyanga ndiyo iliyokuwa makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, hadi alipofariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege. Mbung'o huhitaji kivuli na unyevu wa vichaka, kwa hiyo njia mojawapo ya kumfukuza ilikuwa kumnyang'anya kivuli. Maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka na mapanga, wakafyeka. Njia ile ilifanya kazi: mbung'o walirudi nyuma, nagana, ugonjwa wa ng'ombe wanaoueneza, ikapungua, mifugo ikaongezeka. Likafuata zao la pamba, likataka mashamba mapya. Kisha katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 watu wakahamishwa kutoka kwenye maboma yao, wakaacha nyuma hata malisho waliyoyatunza kwa vizazi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipita huko akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mimi nikafika mwaka mmoja baadaye na daftari langu.

Kazi yangu ilikuwa kitaluni na mashuleni. Tuliotesha mijohoro, miarobaini, milusina na mikaratusi, tukaigawa, tukaipanda na wanafunzi. Kila mtoto alikuwa na mche wake na kopo lake la maji. Mvua za Shinyanga ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, tena katikati ya msimu hukatika wiki kadhaa. Ile wiki ya tatu ya ukame ndiyo iliyokuwa ikiihukumu miche ya watoto.

Kiangazi cha mwaka uliofuata nilikuwa nimepiga magoti kwenye uwanja wa shule moja, nahesabu mijohoro. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anapita na mzigo wa mabua kichwani. Alinisalimu "Mwadila," nikaitika. Hakuendelea na safari. Aliutua mzigo, akaketi juu yake, akanitazama mpaka nikamaliza mstari mzima.

"Bwana Miti, unahesabu nini?"

"Nahesabu miti, mayu."

"Ipi?"

"Hii tuliyopanda na watoto."

Akaunyoosha mguu, akagusa kwa kidole gumba kitu nilichokuwa nimekikanyaga bila kukiona. Kilikuwa kisiki, kimekatwa usawa wa ardhi, cheusi, kipana kama kisahani. Ubavuni mwake palichomoza vijiti vitatu, mbuzi wamevitafuna hadi vikafanana na mswaki, lakini kila kimoja kina majani mabichi. Ulikuwa mwezi wa kukauka kwa visima. Hakuna mtoto aliyewahi kukimwagia kopo la maji.

"Na huu," akasema, "mbona huuhesabu?"

Nilitazama daftari. Hapakuwa na mahali pa kuuandika. Haukuwa na namba, haukuwa na tarehe ya kupandwa, na hali yake haikuwa H wala K. Nikasimama, tukaanza kutembea pamoja, yeye akionyesha kwa fimbo na mimi nikihesabu kwa sauti. Katika uwanja ule ule visiki vilivyochipua vilikuwa vingi kuliko miche yangu yote, iliyo hai na iliyokauka ikijumlishwa. Akaniambia kwamba kabla ya kuhamishwa, pale palikuwa ngitili ya baba mkwe wake. Usiku ule, kwa mwanga wa koroboi, nilipiga mstari wa sita pembeni mwa ukurasa. Nafasi ilikuwa finyu, mstari ukapinda. Juu yake niliandika: visiki vinavyochipua.

Nilikuwa nimelisikia neno ngitili lakini nilikuwa sijalitilia maanani. Ni eneo la malisho ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia wakati nyasi zinakua. Kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, linafunguliwa, na wanaotangulia ni wale wasioweza kwenda mbali: ndama, maksai watakaolima msimu ujao, ng'ombe mgonjwa na mzee. Mara nyingi hugawanywa sehemu mbili, wakamaliza huku ndipo wahamie kule. Lengo la mwenyewe ni nyasi. Lakini ardhi inayopumzishwa miezi mingi kila mwaka inaotesha na miti.

Tena inaiotesha upesi, na sababu yake tuliielewa vizuri kadiri tulivyopima. Mche kutoka kitaluni hufika shambani na mzizi wa urefu wa kiganja. Lazima kwanza utafute maji, na ukame ukiuwahi, umekwisha. Kisiki hakina kazi hiyo. Mizizi yake ilishafika chini miaka mingi iliyopita, ina akiba ya wanga, inasubiri tu shoka na meno ya mbuzi vipumzike. Msitu wa Shinyanga ulikuwa umekatwa shina, mzizi ukabaki. Tulikuwa tunabeba maji kwenda kupanda msitu juu ya msitu.

Tukaanza kuwauliza wazee ngitili za zamani zilikuwa wapi. Mambo hayo yalizungumzwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, na baadaye sheria ndogo za vijiji zikaongezea nguvu. Sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, ndio waliolinda. Nimeona eneo kubwa limefungwa bila waya wala mwiba, limefungwa kwa neno lililosemwa mbele ya watu, na ng'ombe wasiingie. Msimu wa kwanza zilirudi nyasi. Msimu wa tatu, mahali nilipokuwa naruka visiki, ilinibidi niinamishe kichwa kupita chini ya matawi.

Hapo kazi yangu ikabadilika, nikawa mtu wa kupima. Tulisimika nguzo katikati, tukavuta kamba ya mita 15 kuzunguka, na kila mti uliokuwa ndani ya duara ulikuwa wetu. Unauzungushia utepe kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, unataja kipimo kwa sauti, na anayeandika lazima akirudie kabla ya kukiandika, ili upepo usije ukageuza sita kuwa saba. Vijana wa kijiji ndio walionitajia majina. Niliwafahamu wachungaji wa miaka kumi waliotambua mti kwa ganda peke yake, kwa kulikwaruza kwa ukucha na kulinusa. Mihale, ule mgunga wenye maganda kama shanga zilizotungwa, waliujua hata usiku. Jina la Kisukuma liliandikwa kwanza, tawi likabanwa katikati ya magazeti na mbao, na jina la Kilatini likafuata baadaye kutoka kwa mtaalamu wa mimea.

Udongo nao nilifundishwa hivyo hivyo. Mzee mmoja alinitembeza kutoka juu ya kilima hadi bondeni, kila baada ya hatua mia anasimama, anachota, ananipa nifikiche. Huku juu ni luseni, mchanga mwepesi. Huku katikati ni itogolo, mgumu, maji hayazami. Kule chini ni mbuga, mweusi, kiangazi unapasuka na masika unanata. Kila mmoja alinitajia miti yake na kazi yake. Miaka michache baadaye, kozini, nikasoma habari za Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, juu kabisa ya kijiji nilichozaliwa. Mwaka 1935 aliipa sayansi ya udongo duniani neno katena, yaani mnyororo: aina za udongo zinazofuatana kutoka kilimani hadi bondeni, kila moja ikiwa na uhusiano na iliyo juu yake. Alilipata wazo hilo kwa kutembea ardhi za Afrika Mashariki. Niliifunga ile karatasi, nikaikumbuka mikono ya mzee wangu. Mnyororo ule niliushika pete kwa pete kabla ya kujua kwamba una jina vitabuni.

Katika miaka ya 1990 tulishirikiana na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto kilichokuwa na makao yake Nairobi. Tulijaribu mashamba ya miti ya mzunguko: unapanda migunga au milusina pamoja na mahindi kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo, kisha unaiachia miti ardhi mpaka mwaka wa tano hivi, unavuna kuni na nguzo, na mahindi yanarudi kwenye udongo uliolishwa na majani na mizizi. Kitalu hakikufa, kilipata nafasi yake. Mti wa kupanda una kazi shambani na kwenye boma. Huko malishoni, kazi kubwa ilikuwa kuiruhusu ardhi ikumbuke.

Mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walipoitathmini kazi hiyo, katika ripoti yao ya mwaka 2005 waliorodhesha aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Walikadiria pia faida ya ngitili kwa mtu mmoja kuwa dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Niliposoma takwimu hizo nililia, siwafichi. Nilikuwa najua nyuma ya kila tarakimu kuna nani.

Haikuwa neema tupu. Mwenye ng'ombe wengi alipata ngitili kubwa, maskini mara nyingine akabaki anakodi nyasi kwa jirani. Eneo lililorudisha miti likawa tamu machoni pa wachoma mkaa. Mambo haya niliyasema kazini na ninayasema sasa, kwa sababu msitu uliorudishwa na watu hulindwa na haki baina ya watu.

Nimewaza sana juu ya wale waliofyeka vichaka miaka ile ya mbung'o. Walikuwa wanatafuta uzima wa watu na wa ng'ombe, na vipimo vyao walivipima kwa makini. Safu yao ilikuwa ya mbung'o. Yangu ilikuwa ya miche. Tulihesabu kwa uaminifu kile tulichokwenda kukihesabu, na kilichobaki nje ya mstari kilikuwa nchi nzima.

Kwa hiyo nilipoanza kuwafundisha vijana, niliwawekea sharti moja. Katika kila fomu ya kupimia msitu, safu ya mwisho iachwe bila kichwa, na kichwa chake kitajwe na wenye mahali. Nimeshaona wakiandikisha humo dawa ya ndama, mizinga ya asali, maeneo ya matambiko. Katika kijiji kimoja ambacho leo kimo mkoa wa Simiyu, wanawake walishauriana muda mrefu chini ya mgunga, kisha mmoja akasema kwa niaba yao: "Andika, mwanangu, muda wa kwenda kuni na kurudi."

Kijana akauliza muda huo ni kiasi gani. Zamani, wakamjibu, ulikuwa unatoka jogoo la kwanza na unarudi jua la utosi. "Na sasa?" Yule mama akageuka kutazama jikoni kwake, ambako sufuria ilikuwa mekoni.

"Sasa unainjika uji, unakwenda, unarudi haujachemka."

Kijana aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kwenye safu isiyo na kichwa, bila kuyageuza kuwa dakika. Nami sikumsahihisha.