Kununua Jicho la Mbali kwa Mfuko wa Mwalimu

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 237, inaeleza kwamba Serikali huyashikilia maziwa, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi kwa amana, kwa manufaa ya wananchi wote. Ibara ya 39 nayo inampa kila raia haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Ibara hizi nimezifundisha kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote wanafunzi wangu waliziona kuwa maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hali ilibadilika tulipoanzisha chama cha kutazama ndege. Bonde la mafunjo lililo chini ya shule yetu likawa na wakazi wenye majina: mdiria, kwarara, yangeyange, na jozi moja ya korongo taji, ndege yule yule aliyeinua mguu mmoja katikati ya bendera ya taifa.

Kisha ukingo mmoja wa bonde ukaanza kumwagiwa udongo nyakati za usiku. Wanafunzi walitaka kumwandikia mwenyekiti wa mtaa. Jambo hilo lilinifurahisha, lakini nikawauliza tutathibitishaje kwamba korongo wanaishi humo. Picha za simu zilionyesha doa la kijivu katika bahari ya majani. Huyo angeweza kuwa korongo, mbuzi au mfuko wa saruji. Basi wakachanga, nami nikajazia, zikapatikana shilingi 1,800,000. Kazi ya kuchagua kamera ikaniangukia mimi.

Ndugu msomaji, kabla hujaingia dukani inafaa ujue kwa nini lenzi za ndege ni ghali. Lenzi ya milimita 400 yenye tundu la f/5.6 huhitaji mwanya wa mbele wenye kipenyo cha milimita 71 hivi. Ukitaka f/2.8 kwa urefu huo huo, kipenyo hufika milimita 143, na eneo la kioo huwa mara 4. Kioo hicho ni kizito, ni kigumu kusagwa bila dosari, na kinahitaji pipa imara la kukishikilia. Ndiyo maana wapiga picha unaowaona kwenye mitumbwi ya Mabamba, wakimsubiri korongo nyangumi, hubeba mizinga inayozidi bei ya pikipiki kadhaa. Lenzi za nafuu kiasi, kama ile ya Nikon ya milimita 200 hadi 500, zipo. Lakini hata hiyo ina uzito wa kilo 2.3, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wetu.

Muuzaji wa kwanza alinisifia kamera ya lenzi isiyobadilishwa, ya aina ya Nikon P900, inayokuza mara 83. Niliijaribu mlangoni pa duka nikasoma kibao cha duka lililokuwa mbali sana ng'ambo ya barabara. Sitaidharau. Kwa ndege aliyetulia mchana kweupe, inatosha kumtambulisha. Lakini kihisi chake ni kidogo mno: kile cha kamera za kawaida za kubadilisha lenzi kina eneo kubwa zaidi ya mara 10. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mafunjo na korongo wakitembea, kihisi kidogo hutoa picha yenye chenga kama uji wa mtama usiochujwa. Tena, ndege akiruka, kamera hiyo huchelewa kumshika.

Nilivutwa zaidi na hesabu niliyoifanya nyuma ya daftari la mahudhurio. Korongo taji ana kimo cha karibu mita 1. Akisimama mita 60 kutoka kwako, lenzi ya milimita 300 humchora kwenye kihisi kwa kimo cha milimita 5. Kihisi cha megapikseli 24 chenye upana wa milimita 23.5 kina pikseli kama 255 katika kila milimita. Kwa hiyo korongo wetu angepata kimo cha pikseli zipatazo 1,250, zinazotosha kuchapishwa na kutambulika na kila mwenye macho. Mdiria mdogo wa sentimita 13 ni habari nyingine. Huyo, kwa umbali wa mita 15, huchorwa kwa milimita 2.6 tu. Lakini tazameni: lenzi ya 300 kwa umbali wa mita 9 humchora sawasawa na lenzi ya 500 kwa umbali wa mita 15. Tofauti ni mita 6. Mita hizo unaweza kuzinunua kwa mamilioni ya shilingi, au kwa kukaa kimya nyuma ya kichaka kwa muda wa saa nzima. Vijana wa kidato cha kwanza wana saa nyingi kuliko mamilioni.

Hivyo nikaamua kununua mtumba: kamera ya Nikon D7100, iliyotoka mwaka 2013, pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 300 yenye kituliza mtikisiko. Zote mbili zina uzito wa kama kilo moja na nusu, na mwanafunzi wa miaka 13 anaweza kuzibeba bila kulalamika sana. Kamera nyingine mpya, zenye bei inayokaribiana, hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani, hivyo ukipata lenzi kuukuu nzuri utalazimika kulenga kwa mkono. D7100 inayo mota hiyo.

Mtumba una mitego yake. Nilimulika tochi ndani ya lenzi nikitafuta nyuzi za kuvu, ambazo huota kama utando wa buibui katika nchi zetu zenye unyevu. Lenzi ya kwanza ilikuwa nazo, nikairudisha kwa shukrani. Niliomba pia kuona idadi ya mibonyezo ya shata. Kamera hii ilijaribiwa kiwandani kwa mibonyezo 150,000, na hiyo niliyoichukua ilikuwa imetumia chini ya theluthi. Sasa tunaihifadhi katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kurekebisha saa ya kamera. Picha huhifadhi ndani yake tarehe na saa ilipopigwa, na ushahidi wenye saa ya uongo hausaidii mtu. Jambo la pili lilikuwa kukubaliana kwamba hakuna atakayekaribia kiota. Korongo taji aliorodheshwa mwaka 2012 miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, na mzazi anayefukuzwa kwa ajili ya picha huacha mayai yake juani.

Hapa niruhusuni neno moja la sarufi. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye daftari la chama: “Ndege zimepaa saa mbili.” Sisi tuko karibu na Entebbe, kwa hiyo sentensi yake ni sahihi kabisa, ila inahusu uwanja wa ndege. Wenye manyoya wamepaa; zenye abiria zimepaa.

Kwa ndege anayeruka tunatumia kasi ya shata ya 1/1600 ya sekunde au zaidi, kwa kuwa kituliza mtikisiko hutuliza mkono wa mpiga picha, si bawa la ndege. Picha nyingi bado ni mkia tu. Hata hivyo, barua yetu iliambatanishwa na picha 4: korongo wawili wakila, korongo mmoja akiwa amesimama, na mbili za rundo la udongo kwa tarehe tofauti, la pili likiwa limesogea hadi kwenye mafunjo. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na nakala tunayo. Jibu bado halijafika. Jumamosi ijayo ni zamu ya kidato cha pili kushuka bondeni, nao wameagizwa wachaji betri tangu Ijumaa mchana, maana umeme wa huku usiku hautabiriki.