Jaji Mindua na Kichwa cha Makala

Muulize kijana yeyote wa Ibanda au Kadutu, mitaa ya Bukavu, akutajie Mkongomani anayejulikana kwenye mahakama za kimataifa za The Hague. Atasema Lubanga, Katanga, Ntaganda, Bemba. Wote hao walifikishwa kule kama watuhumiwa. Ni nadra usikie jina la Antoine Kesia-Mbe Mindua, aliyekaa upande ule mwingine wa chumba akiwa amevaa joho la jaji. Jambo hilo huniuma. Ndiyo sababu, tulipojikusanya watu wachache hapa Bukavu kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, niliomba niachiwe ya kwake.

Ubishi ulianza kabla ya sentensi ya kwanza. Mwenzetu alikuwa ameweka kichwa "Mheshimiwa Jaji", kisha jina. Namwelewa. Kwetu kumtaja mkubwa kwa jina tupu ni kukosa adabu. Hata jirani tunamwita Baba Fulani. Lakini desturi ya kamusi elezo ni kuacha vyeo nje ya kichwa, na kadiri ninavyoitafakari ndivyo ninavyoiona ina heshima yake. Mindua alikuwa balozi, akawa jaji katika mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, na mwaka 2015 akaanza muhula wake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Vyeo vilikuja na kuondoka. Mtu ni yule yule.

Basi tuandike jina, lakini kwa mpangilio gani? Kwenye kadi zetu za mpiga kura jina hutangulia, linafuata postnomu, yaani jina la pili, na prenomu, yaani jina la ubatizo, inakuja mwisho. The Hague hutanguliza Antoine. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alitukumbusha mwaka 1972, Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya ubatizo, na jinsi yeye mwenyewe alivyoliacha lake akiwa kijana. Kwake mpangilio wa majina si suala la karani. Tulimsikiliza mpaka mwisho. Tukakubaliana kichwa kifuate jina lililo kwenye hukumu zake, halafu tuweke kurasa za maelekezo zinazomleta msomaji kutoka kwenye mipangilio mingine, ili atakayemtafuta kwa namna ya kwetu asirudi mikono mitupu.

Ndani ya makala kulikuwa na mengi ya kufurahia. Tarehe 12 Desemba 2012 alikuwa mmoja wa majaji watatu waliotoa hukumu dhidi ya Zdravko Tolimir, jenerali wa Waserbia wa Bosnia. Kwa wingi wa kura walimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari ya Srebrenica ya mwaka 1995. Mkongomani, ambaye nchi yake inalilia haki mpaka leo, alishiriki kuwapatia haki akina mama wa Bosnia. Tarehe 26 Juni 2024, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, aliongoza jopo lililomtia hatiani mshtakiwa kutoka Mali, Al Hassan, kwa makosa yaliyotendwa Timbuktu.

Lakini lipo pia la Afghanistan. Tarehe 12 Aprili 2019 jopo aliloliongoza lilikataa ombi la mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo la kufungua uchunguzi wa uhalifu nchini humo, likisema hautakuwa kwa maslahi ya haki. Tarehe 5 Machi 2020 majaji wa rufaa waliutengua uamuzi huo. Aya hiyo ilifutwa na mmoja wetu. Tusimwaibishe mzee wetu, alisema, na alisema kwa mapenzi ya kweli. Niliirudisha. Nilimuuliza: kama ombi lile lingehusu Kasika au Makobola, hapa Kivu Kusini, ambako watu wetu waliuawa mwaka 1998, je, ungekubali ukurasa wa jaji aliyelikataa unyamaze? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliyaorodhesha mauaji hayo pamoja na mamia ya matukio mengine ya miaka ya 1993 hadi 2003, na bado tunaisubiri mahakama. Mtu anayesubiri namna hiyo hana ruhusa ya kumfichia mwenziwe wa Kabul kilichomchelewesha. Na jaji hapunguki kwa kutenguliwa. Rufaa iliwekwa kwa sababu majaji ni binadamu. Aya imebaki, na tarehe zake zote mbili.

Sasa tunaandaa makala ya kesi iliyo karibu zaidi na milango yetu. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilikwenda kukaa Kavumu, ikamhukumu kifungo cha maisha mbunge wa mkoa, Frederic Batumike, pamoja na watu wa kundi lake, kwa ubakaji wa watoto wa kike wapatao 40. Ilihukumu kwamba huo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wengi huiita Kesi ya Kavumu, na rasimu yetu ina kichwa hicho. Mimi ninakipinga. Kavumu ni mahali ambapo wazazi wale bado wanalima na watoto wale wanakua. Atakayetafuta kijiji chao asikutanishwe kwanza na uchafu wa mtu mwingine. Majina ya watoto hatutayaandika popote. La Batumike liwekwe juu kabisa.