Kisu cha Porini na cha Mfukoni

Mwalimu mmoja wa shule katika bonde la Rufiji alikuwa na kisu kimoja kwa kazi zote. Kilikuwa kisu cha kukunja, cha chuma cha pua kisichoshika kutu, nacho kililala mfukoni kwa utulivu kama ufunguo. Kwa kisu hicho alimenya machungwa, alichonga kalamu za wanafunzi na kukata kamba za mizigo. Kwa miaka mingi hakuwa na sababu yo yote ya kukilaumu.

Aibu ya kisu ilidhihirika porini. Mwalimu alikuwa na kibali cha kuwinda, kama sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 idaivyo, na pamoja na jirani yake, mtu mzima, walifuata nyayo kutwa kabla ya kumpata funo. Risasi ilimwangusha, haikumwua. Mwalimu alimkimbilia, akamkandamiza shingo kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akatoa kisu. Lakini kisu cha kukunja hutaka mikono miwili. Maji ya machungwa na vumbi la mfukoni vilikuwa vimegandamana katika kiungo chake, na ukucha uliteleza juu ya bapa mara mbili, mara tatu. Makali yalipotoka, funo alikuwa amekwisha kufa.

"Mwalimu," alisema jirani kwa upole, "huyu ni kibudu."

Hukumu hiyo haikuwa ukali wa mzee. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliieleza katika kitabu chake Minhaj. Mnyama akifikiwa yu hai, kisha akafa kwa uzembe wa mwindaji, haliwi. Na miongoni mwa mifano ya uzembe huo ni mtu kutokuwa na kisu, au kisu chake kukwama alani. Wanachuoni wale walikijua kiuno cha mwindaji kuliko wachuuzi wengi wa visu. Na kisu cha kukunja ni nini, kama si kisu ambacho mpini wake ndio ala yake?

Wawili hao walirudi mikono mitupu. Nyumbani nazi ilikuwa imekwisha kukunwa.

Juma lililofuata Mwalimu alikwenda kwa mhunzi.

"Fundi, nataka kisu cha porini."

"Na cha kila siku utakiweka wapi, Mwalimu? Mtu mwenye visu viwili husahau kile anachokihitaji."

Mhunzi alifua kisu kwa kipande cha springi ya lori. Chuma cha springi huwa na kaboni kiasi cha sehemu 6 katika 1,000. Hupashwa moto mpaka kikawa chekundu, kadiri ya digrii 800, kikazamishwa katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo wa digrii 200 hivi ili kisivunjike kama kigae. Hupokea makali upesi juu ya kinoo cho chote, lakini hushika kutu. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913, kina haki ya kusifiwa karibu na bahari. Kosa la porini halikuwa la chuma, lilikuwa la kiungo.

Urefu wa makali haukuleta ubishi: sentimita 10. Kisu kirefu hupendeza ukutani, ila hutoboa ngozi wakati wa kuchuna, na hutisha abiria katika basi. Msuka ulipita mpaka mwisho wa mpini.

Taabu ilikuwa ala. Ala ya kila siku hutakiwa ibane, kisu kisidondoke njiani. Ala ya porini hutakiwa iachie kwa mkono mmoja wenye damu. Mhunzi alishona ngozi yenye kina, iliyomeza nusu ya mpini, bila kifungo, kama Wafini wavaavyo kisu chao kiitwacho puukko. Ngozi ikilowa hufura na kubana, kwa hiyo kila jioni Mwalimu alikichomoa kisu mara kadhaa uani, mkono mmoja nyuma, huku mkewe akicheka. Usiku kililala nje ya ala, kimepakwa mafuta ya nazi.

Shuleni hakukivaa kiunoni mbele ya watoto. Kilikaa ndani ya mkoba, chini ya madaftari. Wakati wa mapumziko hukitoa amenye chungwa, na maji ya chungwa huyatia makali weusi, na tunda hutoka na ladha ya chuma. Walimu wenzake hulikataa. Yeye hula.